Kwa karatasi ni "hatari ndogo". Muulize susu wangu

Wasee, kuna maneno mawili yamenikera mwezi mzima: "hatari ndogo."

Ushago kwetu, Machakos upande wa Yatta, kuna bwawa la udongo. Wazee wanaliita silanga. Halina simiti, halina geti, halina mlinzi. Ni ukuta wa udongo ulioshindiliwa tu, wa miaka ya 1950, enzi serikali ya mkoloni ilikuwa inajenga mabwawa kote Ukambani kupitia mpango wa ALDEV. Ng'ombe wanakunywa hapo, watoto wanaogelea kisha wanachapwa, na mwezi wa tisa kila kitu kikikauka ndilo linabeba kijiji kizima. Kwa hivyo msinielewe vibaya, silichukii. Bila hilo bwawa pengine singekuwa na ushago wa kurudi.

Lakini unajua vile tunacheki nyota kabla ya kuagiza chakula? Nilitaka kujua bwawa letu lina nyota ngapi.

Kanuni za maji za mwaka 2007 ziligawa mabwawa ya Kenya kwa madaraja matatu. Daraja A ni hatari ndogo: kina cha maji kisifike mita 5, ujazo usifike mita za ujazo 100,000, na eneo linaloteremsha maji hadi hapo lisifike kilomita za mraba 100. Daraja B ni la katikati. Daraja C, lenye kina cha zaidi ya mita 15 au mita za ujazo zaidi ya milioni moja, ndiyo hatari kubwa. Sasa soma tena polepole. Kina, ujazo, eneo. Umeona mahali pameulizwa nani analala chini ya ukuta? Hata mimi sikuona.

Letu ni A bila ubishi. Nililipima kwa miguu na simu. Kuna hesabu rahisi ya mabwawa ya bondeni: zidisha urefu wa ukuta, umbali ambao maji yanarudi nyuma, na kina pale kwenye ukuta, halafu gawanya kwa 6. Ukuta ni kama mita 120, maji yanarudi nyuma mita 300, kina mita 4. Jibu ni mita za ujazo 24,000. Kidogo sana ukilinganisha na 100,000, si ndiyo? Ila mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Hizo ni tani 24,000. Ukikadiria matatu ya abiria 14 ni tani mbili, una matatu 12,000 zimeegeshwa juu ya mlima, na breki yenyewe ni udongo.

Halafu nikafungua picha za zamani za setilaiti kwenye Google Earth. Mwaka 2010, chini ya ukuta ni mashamba matupu na boma moja, la susu. Picha ya juzi: mabati kumi na nne, kanisa, na kibanda cha M-Pesa. Ukuta ni uleule, maji ni yaleyale na daraja ni lilelile, A. Kilichobadilika ni watu, na hakuna kisanduku cha watu kwa hiyo fomu.

Marekani wanalipa kila bwawa alama mbili tofauti, na hapo ndipo akili yangu ilifunguka. Alama ya kwanza inauliza: hili likipasuka, nani anaumia? Likiweza kuua mtu, linawekwa kwa hatari ya juu, hata kama ukuta umejengwa jana na unang'aa. Alama ya pili inauliza hali ya ukuta wenyewe: inaridhisha, wastani, mbaya, au haifai kabisa. Kwa hivyo bwawa linaweza kuwa zima kama kigongo na bado liwe hatari ya juu. Na linaweza kuwa limeoza lakini hatari ya chini, kwa sababu huko chini kuna nyasi tu. Sisemi wao ni malaika, mabwawa yao pia hupasuka. Nasema tu hayo ni maswali mawili, na sisi mtaani tunayachanganya. Mtu akisikia "hatari ndogo" anadhani ameambiwa ukuta ni imara. Hajaambiwa hivyo. Ameambiwa bwawa ni dogo.

Na hali ya ukuta wetu? Daktari haitajiki. Juu yake kuna miti imemea, na mti ukifa mizizi inaoza, inaacha mirija ndani ya udongo. Ng'ombe wamekata njia katikati mpaka hapo pamekuwa chini kuliko pengine, yaani maji yakijaa hapo ndipo yatapitia kwanza. Maji yakishaanza kupita juu ya ukuta wa udongo, yanaula. Hayahitaji siku mbili. Upande wa chini kuna mahali panalowa hata kiangazi. Kwa sasa maji yanayotoka hapo ni safi. Mzee mmoja aliyekuwa kwa kamati ya zamani aliniambia nisiogope maji safi, niogope siku yatatoka na tope, kwa sababu siku hiyo yatakuwa yanabeba ukuta kutoka ndani. Baadaye nikasoma mainjinia wanasema hivyohivyo.

Lakini shida kubwa ni ule mfereji wa pembeni, wa kutoa maji ya ziada mvua ikizidi. Ndiyo kinga pekee ya bwawa kama hili. Jirani amepanda nepia ndani, halafu akaweka ua. Nepia imestawi vizuri, sitadanganya.

Tuko na sababu ya kujua haya kuliko watu wengi. Mei 9, 2018, usiku, bwawa la udongo la Patel kule Solai, Nakuru, lilipasuka baada ya mvua nyingi. Lilikuwa juu mlimani ndani ya shamba la mtu binafsi, na vijiji viko chini. Watu wasiopungua 47 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Halafu Aprili 29, 2024, kabla ya alfajiri, Mai Mahiu. Kwanza tukaambiwa ni bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikasema ni njia ya maji chini ya reli ya zamani iliziba kwa matope na miti, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakaachilia. Yaani lile tuta liligeuka bwawa usiku mmoja. Hilo halina daraja lolote, maana hakuna aliyejua ni bwawa.

Siku tatu baadaye wizara ya usalama wa ndani ikatangaza mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 yanaweza kufurika wakati wowote, na walio karibu wahame ndani ya saa 24. Saa 24. Susu ana magoti mabovu, mbuzi sita na kuku ambao hawashikiki. Angeanzia wapi?

Sasa, mambo ya familia. Anko wangu amegawanya shamba letu la chini kuwa ploti nane, futi 50 kwa 100. Nilipomwambia ziko pale maji yatapita, aliniangalia kama mtoto aliyerudi na homa ya Nairobi. "Hii silanga nimeikuta, na babako aliikuta. Umewahi kusikia imepasuka?" Sijawahi. Kila bwawa lililopasuka lilikuwa halijawahi kupasuka hadi siku hiyo, nikamjibu. Akasema hiyo ni midomo ya TikTok.

Namwelewa, kusema kweli. Ada ya chuo ya binti yake iko ndani ya hizo ploti. Na akikataa kuuza yeye, jirani atauza zake. Huwezi kumwambia mtu mmoja abebe hatari ya bonde zima wakati ofisi ya maji haijakanyaga hapo tangu nijue kusoma.

Ila dada mmoja anayefanya kazi Thika tayari ameweka kishika ploti. Alinipigia kuuliza kama kuna stima. Nikamjibu ndiyo, ipo, halafu nikamtumia zile picha mbili za setilaiti, na ya mfereji wenye nepia. Hajajibu. Anko amejua, na kwa grupu ya familia ya WhatsApp moto unawaka.

Jumamosi ijayo tunafyeka ule mfereji. Jirani amekubali kutoa ua, bora nepia abebe yeye. Tunajaza njia ya ng'ombe kwa udongo na kushindilia, na susu amejitolea kupika muthokoi. Anko amesema atakuja na jembe moja, la kwake. Ploti bado anauza.