PITO: SOMO LA TABIANCHI LIPO SHAMBANI

Unga wa ugali utakaokula leo huenda umetoka Ufipa. Rukwa ni miongoni mwa mikoa ya nyanda za juu kusini inayolisha miji yetu mahindi. Kwa hiyo mvua ya huko si habari ya mbali kwako.

Ukipanda kwa barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, utafika katika uwanda wa wazi wenye nyasi nyingi na miti michache, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usisahau koti. Pito ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, lakini hapa mji na shamba havijaachana. Mvua ni ya msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili. Ikikatika, hakuna msimu wa pili wa kufidia.

Wafipa wa zamani hawakuwa na misitu mingi ya kuchoma ili wapate majivu ya kurutubishia mashamba. Mvua ilipokaribia kwisha waligeuza nyasi, wakazifukia katika matuta ya duara yaitwayo intumba, wakapanda maharage juu yake. Nyasi ziliozea humo. Msimu uliofuata matuta yalisambazwa, ukapandwa ulezi. Plau na mbolea ya dukani zimebadili mengi, lakini maarifa yale ni hazina: udongo wenye mboji hushika maji, na nyasi iliyofukiwa haigeuki moshi.

Sasa tuingie darasani. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hufundishwa Jiografia ya sekondari kwa Kiingereza. Husoma habari za hewa ukaa, barafu inayoyeyuka na visiwa vinavyotishwa na bahari. Yote ni kweli. Lakini ni rahisi kuyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha akirudi nyumbani akose maneno ya kumweleza mama yake. Hata neno "tabianchi" ni geni kwa wazazi wengi.

Hapo ndipo makosa mawili huzaliwa. La kwanza ni kuiita kila mvua mbaya mabadiliko ya tabianchi. Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. La pili ni kudhani kwamba chanzo chote ni kuni za mama. Msitu wa Mbizi ulio karibu na Sumbawanga yafaa ulindwe, maana msitu hutunza vyanzo vya maji. Hata hivyo, hewa ukaa imepanda kutoka sehemu 280 katika kila milioni kabla ya enzi ya viwanda hadi zaidi ya 420 leo, hasa kwa makaa ya mawe na mafuta, na nchi zilizotangulia kwa viwanda ndizo zilizochoma kwa wingi. Mtoto wa mkulima asibebeshwe deni lisilo lake.

Je, ni nani Pito mwenye kumbukumbu ya miaka 30? Ni mzee aliyeshika jembe muda wote huo. Lakini kumbukumbu huteleza. Mwaka wa njaa hukumbukwa kuliko miaka mitano ya shibe. Mwanafunzi naye anaweza kushika kipimamvua na daftari, ila umri wake hautoshi. Kila mmoja ana nusu ya somo. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya dhidi ya kudhani kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni. Onyo hilo halijachakaa.

Basi mwanao akirudi likizo, mwombe akufafanulie tabianchi kwa Kiswahili. Akikwama, usimcheke. Mpeleke kwa babu na bibi yake awaulize walipanda lini zamani na wanapanda lini sasa, ayaandike majibu, kisha ayapeleke kwa mwalimu wake wa Jiografia.