Django ni mtoto wa gazetini

Wakali wa kompyuta wakikutana, ubishi wao ni kama wa Simba na Yanga: PHP, Rails au Django? Mimi ni ripota, nauliza kimoja tu: matokeo ya uchaguzi yakitufikia saa sita usiku, nani atayaweka kwenye tovuti?

PHP, lugha aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ni rahisi kuanza nayo. Ila ukurasa wa kuingizia data utauchonga mwenyewe. Rails, kiunzi cha lugha ya Ruby, David Heinemeier Hansson alikitoa 2004 baada ya kukichomoa kwenye Basecamp, programu ya kusimamia miradi. Tamu kweli, lakini nayo haiji na ukurasa huo.

Django je? Ndugu yangu, hiyo ni yetu! Adrian Holovaty na Simon Willison waliianza 2003 kwa Python, wakiwa kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani. Wakubwa pale walitaka kazi ndani ya siku chache, nyingine ndani ya saa. Basi ukishaieleza data yako (jimbo, mgombea, kura), Django inakutengenezea yenyewe kurasa za kuzijaza. Ripota anaweka nywila, anaandika, anahifadhi. Habembelezi mtu.

Kwetu fundi ni mmoja. Akiugua yeye, na tovuti inaugua.

Kwa hiyo usiku najifunza Python. Nimeanza na majimbo ya Dar es Salaam. Fundi wetu, mpenzi wa PHP, ameshanuna.