Sakafu ya Haneti

Neno sakafu tumelipata kwa Waarabu, nao wakilitamka, saqf, huinua macho juu, maana kwao ni paa au dari. Sisi wa pwani tukaliteremsha miguuni. Wala hatukupotoka: katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, chokaa na kokoto zilizopigwa juu ya boriti za mikoko zilikuwa dari ya waliokaa chini na sakafu ya waliokaa juu. Nimefasiri mashairi zaidi ya miaka ishirini bila neno hilo kunisumbua, hadi nilipopiga magoti kutandaza marumaru nyumbani kwangu Haneti, Dodoma, nilikooa na kulowea.

Haneti msomaji wa visiwani huenda akaijua kwa krisopresi, jiwe la kijani lililopewa rangi yake na nikeli. Mimi naijua kwa tembe. Nyumba hiyo ya Wagogo ina paa bapa la udongo, ambalo juu yake nafaka huanikwa. Mwarabu akisimama hapo hana haja ya mfasiri. Chini, ardhi hushindiliwa, kisha husiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu.

Kazi hiyo ya kusiriba ilikuwa ya mama mkwe wangu. Macho yake yamefifia, naye huijua nyumba kwa nyayo na viganja. Lakini vumbi la kiangazi lilikuwa likimkohoza usiku kucha, na mke wangu akakata shauri kwamba chumba cha mama yake kiwekwe marumaru. Mzee hakukataa. Aliuliza tu, “Sasa mikono yangu itafanya nini, baba?” Sikuwa na jibu, na swali hilo nililifanyia kazi nalo kifuani.

Fundi wa mjini alitaja ujira uliozidi bei ya marumaru zenyewe, ambazo, kwa kinaya cha mambo, zilitoka Chalinze, mkoani Pwani. Nikaamua kuzitandaza mwenyewe. Nilichagua zenye uso wa kukwaruza kidogo. Zile zinazong'aa kama kioo hupendeza dukani, lakini zikilowa humwangusha mzee. Zege lilikuwa limekaa siku 28, likinyweshwa maji ambayo kila ndoo yake ilikuwa na mdai mwingine nyumbani.

Kazi yenyewe huanza kwa uzi, si kwa saruji. Unatafuta katikati ya chumba, unavusha nyuzi mbili, na pembe yake unaihakikisha kwa hesabu ya 3, 4 na 5. Chumba kina upana wa mita 3, na marumaru moja ni sentimita 40, pamoja na nafasi ya milimita 3. Ukipanga saba nzima, kila ukuta unabaki na kipande cha sentimita 9, chembamba kama neno lililochopekwa ili kutimiza mizani. Nikausogeza mstari nusu ya marumaru: sita nzima, na pembeni vipande vya sentimita 29. Washairi tunaijua inkisari. Ikigawanywa vizuri, sikio halilalamiki. (Wapo wanaoikusanya yote katika ubeti mmoja, nao huitwa mabingwa.)

Hewa ya Dodoma hukausha saruji kabla hujageuka. Kwa hiyo nilianza alfajiri, nikalilowesha zege, nikafunga madirisha, na kuacha saa tatu jua lilipopata nguvu. Mwiko wa meno, nyundo ya mpira, pima maji. Siku nne.

Baada ya saruji kushika, mama mkwe aliingia na fimbo yake. Aligonga marumaru moja moja, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayechagua mtungi sokoni. Marumaru yenye uwazi chini yake hutoa sauti ya mvungu. “Hii imeshiba,” alisema. Akagonga nyingine. “Hii imeshiba.” Alizimaliza zote, nami nilisimama mlangoni kama mwanafunzi, bila kuthubutu kusema neno.

Kisha akatoka nje, akaelekea kwenye kibanda cha jiko, ambako sakafu bado ni ya udongo.

“Hapa usipaguse,” akaniambia.

Jioni ile alimtuma mjukuu zizini na karai.