Unahama Mji wa Kale? Hesabu vyombo kila vinapobadilisha mikono

MOMBASA ni kisiwa, na jambo hili humgusa mtu anayehama kuliko linavyomgusa mtalii aliyekuja kutazama Fort Jesus. Mtalii huvuka na mkoba wake begani. Wewe unayehama unavuka na vitanda, kabati la vioo, friji, magodoro, masufuria na lile kasha ambalo mama alipewa siku ya arusi yake.

Njia za kutoka kisiwani kwa gari ni chache. Kuna Daraja la Nyali la kwendea kaskazini, feri ya Likoni ya kwendea kusini, na Makupa na Kipevu za kwendea bara. Kila mwisho wa mwezi njia hizo hujaa malori na pikapu zilizopakia nyumba za watu, miguu ya viti ikitazama juu.

Ikiwa mwezi huu ni zamu yako, msomaji, soma kwanza kabla hujamwita mtu wa kubeba. Wengi hudhani kwamba vyombo hupotea gari likiwa mwendoni. Mara nyingi sivyo. Vyombo hupotea pale vinapotoka mikononi mwa huyu na kuingia mikononi mwa yule, na hakuna aliyehesabu. Na hakuna mtaa unaofunza somo hili vizuri kama Mji wa Kale.

Pale lori lisipofika

Ingia kwa upande wa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha shika Ndia Kuu. Hapo gari dogo na tuktuk bado hupita. Lakini kunja kushoto uelekee Kibokoni, nawe utaona vichochoro vilivyopimwa kwa mabega ya watu na punda. Mkokoteni ukikujia, huna budi kupanda baraza ya mtu ili upishane nao.

Nyumba nyingi hapo ni za ghorofa, kuta zake nene na ngazi zake nyembamba zenye kona. Wazee walioishi humo walijua walichokuwa wakinunua. Vitanda vyao vya besera vilitengenezwa vya kufunguliwa: nguzo mbali, mbao mbali, kichwa mbali. Makochi ya siku hizi hayakufanywa hivyo. Kochi la watu watatu lililoingia kwa taabu miaka kumi iliyopita huenda lisitoke tena, hasa ikiwa baadaye ulitia geti la chuma juu ya ngazi.

Kinachobaki hapo ni kamba na roshani. Hamali hulifunika kochi kwa blanketi, hulizungushia kamba, kisha walio juu hulishusha polepole huku walio chini wakilipokea. Ni kazi ya kupendeza kuitazama, lakini kagua kwanza mbao za roshani. Zikiwa zimeoza, usimruhusu mtu yeyote asimame hapo na mzigo.

Tena usithubutu kumwita fundi apasue fremu ya mlango ili kabati lipite. Mtaa huu ni eneo linalohifadhiwa, na mabadiliko ya majengo yake yanataka idhini. Kabati utapata lingine. Mlango wa nakshi wa zamani hutaupata.

Hamali na kampuni

Kwa sababu hiyo, kuhama Mji wa Kale mara nyingi hutaka makundi mawili. Hamali wenye mikokoteni hutoa vyombo nyumbani hadi mdomo wa mtaa, penye nafasi ya lori kusimama. Lori, liwe la mtu binafsi au la kampuni ya kuhamisha mizigo, hupokea hapo.

Usimdharau hamali kwa kuwa hana ofisi wala fulana yenye jina la kampuni. Yeye anajua kichochoro kipi kina vidaraja, kona ipi haipitishi kabati refu, na saa ngapi watu hutoka msikitini njia ikajaa. Muulize jirani alihamishwa na nani, akuonyeshe mtu wake. Hamali anayejulikana mtaani huchunga jina lake kama unavyochunga sahani zako.

Kampuni nayo ina yake. Huleta maboksi, karatasi za kufungia, blanketi na watu waliozoea kufungua na kufunga vitanda. Zaidi ya hayo, hukuandikia karatasi ya makubaliano. Kampuni inayojua kazi hutuma mtu aje atazame vyombo kabla ya kutaja bei. Mtu anayekupa bei kwa simu, bila kuuliza unaishi ghorofa ya ngapi wala gari litasimama wapi, huenda akaipandisha vyombo vikiwa vimeshapakiwa. Na hapo utakuwa na lipi la kufanya, ilhali godoro la watoto liko juu ya gari lake?

Patana ukiwa bado nyumbani

Bei ipatanwe mlangoni pako, kabla hata kiti kimoja hakijainuliwa. Hamali atakuambia, "Mama, kazi hii ni tripu tano." Mjibu kwa heshima, "Ami, mimi nataka bei ya kazi nzima, mpaka chombo cha mwisho kiwe juu ya gari."

Anayelipwa kwa tripu huona faida kupakia kidogo ili safari ziwe nyingi. Anayelipwa kwa kazi nzima naye huweza kurundika mlima ili amalize mapema. Basi patana kazi nzima, lakini uweke sharti kwamba friji, vioo na televisheni kila kimoja kitakwenda kwa safari yake.

Kwa mwenye lori au kampuni, uliza haya: Watakuja watu wangapi? Nani atafungua vitanda na nani atavifunga tena kule? "Kufikisha" maana yake ni kuacha mlangoni au kupandisha hadi chumbani, ghorofa ya tatu? Nani atalipa ada ya kuegesha gari, na nani atalipa feri? Gari likijaa na vyombo vikabaki, safari ya pili ni ya nani?

Majibu yaandikwe kwenye karatasi, hata kama ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mtoto. Andika nambari ya gari na ya kitambulisho cha dereva. Toa arubuni ndogo, na salio lisubiri hadi hesabu ya mwisho.

Uliza pia habari za hasara. Kampuni nyingi hazikubali dhamana ya boksi ulilolifunga mwenyewe, kwa kuwa haziwezi kujua vikombe vilikuwa katika hali gani ulipovitia. Kwa hiyo chagua: ama uwaachie wafunge wao vitu vya kuvunjika, ama uvifunge na kuvibeba mwenyewe. Wakikuambia mali ina bima safarini, omba kusoma sehemu inayotaja mambo ambayo bima hiyo hailipii.

Dhahabu, pesa, hati za shamba, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na dawa za mgonjwa visiingie kwenye lori kabisa. Hivyo ni vya mkononi.

Hesabu mara tatu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari na kalamu ya wino mzito. Kila boksi lipe nambari, na uiandike ubavuni, kwa sababu maboksi yakipandana nambari ya juu haionekani. Kando ya nambari andika chumba: jikoni, sebuleni, kwa watoto. Katika daftari andika kilichomo.

Kisha hesabu mara tatu: vyombo vinapotoka mlangoni, vinapopanda lori, na vinapoingia nyumba mpya. Mji wa Kale hesabu ya pili ndiyo muhimu zaidi. Hamali amekwisha kutua mzigo, utingo wa lori bado hajaupokea, na wapita njia ni wengi. Hapo ndipo pasi, redio au ndoo yenye vijiko inapotoweka, na kila mmoja akaapa kwamba hakuiona. Wala huwezi kumshika mtu, kwa kuwa huna ushahidi.

Kazi hii usimpe mtu mmoja. Mmoja wenu abaki juu nyumbani, mwingine asimame kando ya lori na daftari. Kijana aliyeko shule ya upili anafaa sana kwa kazi hiyo. Mpe wajibu naye ataona fahari. Nyanya asimame mlangoni, maana ndiye anayejua kila kijiko kilitoka wapi.

Upakiaji wenyewe una mambo machache ya kukumbuka. Nati na skurubu za kitanda zitie kwenye mfuko mdogo, ufungwe kwenye mbao za kitanda hicho hicho. Sahani zipangwe zikisimama kwa ubavu, karatasi au nguo kati yake. Vitabu viingie katika maboksi madogo, kwa kuwa boksi kubwa la vitabu litamvunja mtu mgongo. Kasha la nakshi linyanyuliwe kwa chini. Pete zake za shaba zimezeeka.

Friji izimwe siku moja kabla, ikaushwe, ibebwe ikiwa imesimama, na ukifika uiache itulie saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Mtungi wa gesi ufungwe, mpira uvuliwe, nao usafiri ukiwa wima mahali penye hewa, mbali na watu. Jiko la mafuta limwagwe mafuta yote. Magodoro mengi yameharibiwa na jiko moja.

Kuvuka maji

Sasa vyombo viko barabarani. Kama unakwenda Kisauni, Bamburi au Mtwapa, utapita Nyali. Daraja la kwanza hapo, lililofunguliwa mwaka 1931, lilielea juu ya maji; hili la saruji ni la mwaka 1980. Jioni hujaa watu wanaotoka kazini kisiwani kurudi makwao bara, kwa hiyo panga lori liondoke asubuhi, msongamano wa wanaoingia mjini ukiwa upande wa pili wa barabara.

Ukielekea Likoni, kumbuka kwamba kwenye feri watu wa miguu huvuka bure ilhali magari hulipa kwa ukubwa wake na kupanga foleni. Familia nyingi hushuka, zikavuka kwa miguu na kuliacha lori nyuma. Hapo tena vyombo vimebadilisha mikono! Mtu mmoja wa nyumbani abaki na lori mpaka mwisho. Kabla ya kushuka kuingia feri akague kamba, maana maji yakipwa mteremko huwa mkali na kochi lililofungwa kizembe huteleza.

Siku hizi lori linaweza kuikwepa feri kwa kupita Miritini na kufuata barabara ya Dongo Kundu hadi upande wa kusini. Ni mzunguko mrefu lakini hauna foleni. Patana mapema ni njia ipi itakayotumika, kwa kuwa mafuta ya mzunguko huo lazima yalipwe na mtu.

Nawe mwanafunzi

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, anayehama na godoro, sanduku na jiko hana haja ya lori. Tuktuk au mkokoteni mmoja utamtosha. Wakiwa watatu wanaohamia mtaa mmoja, wakodi pikapu kwa pamoja. Lakini daftari lisisahauliwe, tena kila mmoja atie alama ya rangi yake, kwa kuwa magodoro ya wanafunzi hufanana kama mapacha.

Mlangoni mwa kwanza na wa mwisho

Kabla ya siku ya kuhama, lipa kodi inayodaiwa, soma mita ya maji, na mtembee chumba kwa chumba pamoja na mwenye nyumba au wakala wake ili amana yako isije ikaliwa kwa msumari uliokuwako kabla yako. Ikiwa unahamia au unatoka mtaa wenye geti, chukua barua ya ruhusa. Mabawabu wengi hawatoi wala hawapokei vyombo bila barua, na wengine hufunga geti jua likichwa.

Wako wazee wanaopenda kuhama alfajiri, kabla mtaa haujaamka. Wana sababu. Anayebeba vyombo vyako huona ambayo mgeni wa sebuleni haoni: godoro lililochanika, sufuria iliyozibwa, kitanda cha mgonjwa. Kwa hiyo mtafute mtu mwenye sitara, na wewe pia umsitiri. Mpe maji ya kunywa, usimharakishe akiwa ngazini na mzigo, na mkishapatana usimpunguzie baada ya jasho kumtoka.

Mkifika, lori lisiondoke kabla daftari halijafungwa. Soma nambari moja moja, boksi moja moja, kijana wako akitia alama. Ikipungua moja, panda juu ya lori utazame chini ya turubali na nyuma ya kiti cha dereva. Zikitimia zote, lipa salio, agana nao vizuri, na uchukue nambari ya simu ya hamali aliyekufaa. Jirani yako naye atahama siku moja, na atakuja kukuuliza.

Nakutakia kuhama kwema.