Ubavu wa Kushoto

Kwa miaka mingi, dawa ya uvimbe ikifanyiwa majaribio, hakimu wake mkuu amekuwa rula. Uvimbe unapigwa picha, unapimwa pale ulipo mrefu zaidi, mgonjwa anapewa dawa, kisha picha inarudiwa. Urefu ukipungua kwa asilimia 30, dawa inahesabiwa kuwa imefanya kazi. Kwa uvimbe wa mviringo hilo linaingia akilini. Kwa ugonjwa wa mpwa wangu haliingii.

Mpwa wangu ana neurofibromatosi aina ya 1, kwa kifupi NF1. Ni ugonjwa wa jeni, ingawa kwao hakuna mwingine aliyewahi kuwa nao. Karibu nusu ya wagonjwa huwa wa kwanza katika ukoo wao, kwa sababu hitilafu huzuka upya kwao. Huwapata takriban mtoto 1 kati ya 3,000. Jeni yenyewe, iliyotambuliwa mwaka 1990 kwenye kromosomu ya 17, kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane ovyo. Ikiharibika, madoa ya rangi ya kahawa hujitokeza kwenye ngozi tangu utotoni, vivimbe hufuata, na baadhi ya watu huota uvimbe mkubwa unaotambaa kando ya neva, kama mizizi ya mwarobaini chini ya ukuta. Hapo rula utaiweka wapi? Na daktari wa upasuaji akitaka kuung'oa wote, ataondoka na neva. (Ugonjwa wenyewe hauambukizi, nalisema hili kwa faida ya wale wanaoacha kiti wazi kwenye daladala akikaa yeye.)

Siku moja nilimsindikiza kliniki. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye adabu. Akauliza, "Unaendeleaje, binti?" Mpwa wangu akajibu kama alivyolelewa: "Naendelea vizuri, daktari, namshukuru Mungu." Uvimbe wa bega ukapimwa, sentimita zikaandikwa, tukaaga. Kwenye bajaji ndipo aliponigeukia: "Mjomba, hizo sentimita mimi wala sizihesabu. Nataka siku moja nilale ubavu wa kushoto."

Jambo hilo halikuwemo kwenye faili. Hakuna aliyemuuliza, naye si mtu wa kulalamika mbele ya wakubwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Maneno yale ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma jinsi dawa za ugonjwa huu zinavyojaribiwa. Nilitazamia kukuta hesabu tupu. Nikakuta watu waliokuwa wamesumbuliwa na jambo lilelile la bega la mpwa wangu, na wakalifanyia kazi. Mwaka 2011 watafiti wa nchi mbalimbali waliunda ushirikiano uitwao REiNS, lengo lake likiwa kukubaliana nini hasa kipimwe kwenye majaribio ya magonjwa ya aina hii. Baadaye wakawakaribisha wagonjwa wenyewe na wazazi kama wajumbe. Rula ikaachwa, uvimbe sasa hupimwa ujazo wake wote kwa MRI, na ukipungua kwa asilimia 20 unahesabiwa kuwa umeitikia dawa. Lakini hata ujazo haukuonekana kutosha. Waliongeza maumivu, uwezo wa kuinua mkono, nguvu, pumzi, kusikia, na maisha ya kila siku yalivyo.

Jaribio lililofuata njia hiyo ndilo lililoleta dawa ya kwanza. Lilifanyika Marekani, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani na hospitali nyingine tatu, likiwa na watoto 50 ambao uvimbe wao haukuweza kukatwa. Walimeza selumetinib mara mbili kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: kwa watoto 35, ujazo wa uvimbe ulipungua kwa asilimia 20 au zaidi. Sawa, rula nayo ingependa habari hiyo. Kwangu mimi uzito uko kwingine. Watoto waliopewa nafasi ya kujibu wenyewe waliulizwa maumivu yao yakoje kwa kiwango cha 0 hadi 10, na baada ya mwaka mmoja maumivu yalikuwa yamepungua kwa wastani wa alama 2. Aprili mwaka huohuo dawa iliidhinishwa Marekani.

Nawaza, lakini, kipimo hicho kikiletwa kwetu kitafanya kazi gani kwa mtu aliyefundwa kusema hajambo hata akiwa anaungua? Mpwa wangu angejibu 1, kwa heshima. Kwa hiyo kutafsiri maswali hakutoshi. Anatakiwa mtu wa kwetu akae na mgonjwa na kumuuliza analalaje, anachotaje maji, shati anavaa kwa mkono upi kwanza.

Kwamba picha peke yake haitoshi kunaonekana pia kwenye ugonjwa wa jirani, NF2, ambao huotesha uvimbe kwenye neva za masikio yote mawili. Mwaka 2009 madaktari wa Boston walitoa taarifa ya wagonjwa 10 waliotibiwa kwa dawa iitwayo bevasizumabu. Uvimbe ulipungua kwa 9. Lakini kati ya 7 ambao usikivu wao uliweza kupimwa, waliosikia vizuri zaidi walikuwa 4. Picha inaweza kupendeza na mtu akabaki kiziwi. Asingepimwa masikio, angeandikwa kuwa amepona.

Nililolisoma mara nyingi zaidi ni jaribio lililoshindwa. Kabla ya selumetinib kulikuwa na dawa iitwayo tipifarnib. Kumwomba mzazi akubali mwanawe ameze dawa bandia huku uvimbe ukikua si jambo dogo, basi watafiti wakapanga hivi: kila mshiriki anaanza upande mmoja, wa dawa halisi au wa dawa bandia, bila kujua ni upi, uvimbe wake ukikua kufikia kiwango walichokubaliana, anahamia upande wa pili. Hakuna aliyefungiwa kwenye unga mtupu. Tipifarnib haikufua dafu. Hata hivyo rekodi za waliomeza dawa bandia zilitunzwa, na zikaja kutumika kama kigezo cha kupimia selumetinib. Wagonjwa wakiwa wachache hivi, mwili wa mtoto hauombwi mara mbili kwa swali moja. Sijasoma heshima kubwa kuliko hiyo kwenye karatasi ya kisayansi.

Mambo madogo nayo yana uzito. Kwenye jaribio la selumetinib mtoto alitakiwa asile saa mbili kabla ya kapsuli na saa moja baada yake, asubuhi na jioni. Aliyewahi kumwamsha mtoto wa darasa la pili aende shule anajua hiyo ni kazi gani. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha dawa nyingine, mirdametinib, yenye kidonge kinachoyeyuka kwenye maji, kinachomezwa na chakula au bila chakula, na wiki moja ya mapumziko baada ya wiki tatu. Kwenye jedwali la matokeo huo ni mstari mmoja, lakini kwa mama mwenye mtoto ndio ugomvi wa kila asubuhi uliokwisha.

Tangu nisome haya, nikienda kumjulia hali mgonjwa simuulizi tena anaendeleaje. Namuuliza usiku ulikuwaje, na nini alichotaka kukifanya jana kikamshinda. Majibu huwa marefu, na mara nyingi hayahusu ugonjwa ulioandikwa kwenye kadi.

Dawa hizi ni ghali, na mpwa wangu hajaonja hata moja. Lakini majaribio ya tiba yanafanyika katika nchi zetu, ya malaria, ya kifua kikuu, ya VVU, na ya magonjwa adimu nayo yatakuja. Wewe unayekaa kwenye kamati ya maadili, jaribio kama hilo likifika mezani kwako, kabla ya kufungua kurasa za takwimu uliza ni mgonjwa gani aliyekaa na waandishi wakati maswali yanatungwa. Wakisema hakuna, warudishie karatasi zao.