Kidole cha Pete

Jumapili moja tulikuwa uani tunasukana nywele. Binti mmoja, mpangaji mwenzetu, akanishika mkono, akaulaza gotini kwake, akacheka. "Dada, mbona kidole chako cha pete kimekipita cha shahada? Ndiyo maana huolewi. Wewe jike dume!" Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, lakini mkono nikauficha ndani ya khanga.

Ndugu msomaji, mtu wa miaka 24 asiye na kazi, anayeshinda akiandika riwaya kwenye madaftari, tayari anasemwa vya kutosha. Usiku nikaazima rula ya mdogo wangu.

Kipimo chenyewe rahisi. Unaanzia kwenye mkunjo wa chini wa kidole, upande wa kiganja, mpaka nchani. Urefu wa shahada unaugawa kwa urefu wa cha pete. Mwaka 1998 John Manning na wenzake, huko Uingereza, walichapisha vipimo vyao: wastani wa wanaume 0.98, wa wanawake 1.00. Tofauti ni hiyo tu, sehemu mbili katika mia! Tena wanaume wengi huangukia upande wa wanawake, na wanawake wengi upande wa wanaume. Baadaye ikaonekana kwamba tofauti kati ya watu wa nchi moja na nyingine huweza kuizidi ile ya kike na kiume.

Mimi nilipata milimita 68 kwa 71, yaani 0.96. Nikamwamsha kaka, mbeba magunia Kariakoo, ndevu tele: 76 kwa 75. Kumbe jike dume la nyumba hii tuko wawili! Nikacheka peke yangu.

Kicheko kikakatika nilipokumbuka Rwanda. Huko, enzi za Wabelgiji, wapimaji walipima pua, vichwa na vimo vya watu. Miaka ya 1930 watu wakapewa vitambulisho: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Mwaka 1994 neno hilo hilo ndilo lililotafutwa kwenye vizuizi vya barabarani, na likatosha kumwua mtu. Sisemi binti wa uani ni muuaji, hasha. Nasema tu kwamba nimeogopa jinsi tunavyopenda kuusoma mwili wa mtu kana kwamba ni barua yake.

Nikafungua daftari langu. Ukurasa wa tatu, jambazi wangu ana pua pana na mikono ya nyani. Mrembo wangu ana pua ya upanga. Niliandika hivyo ili msomaji ajue haraka nani mbaya, nani mwema. Jamani, na mimi nilikuwa na rula yangu!

Nikaifuta ile pua. Badala yake nikaandika kwamba jambazi alimrudishia kipofu chenji pungufu. Hapo ndipo nikamwona.

Asubuhi kaka akauliza kwa nini nilimpima vidole usiku. Nikamwambia namtafutia pete.