Utakula Maigizo?

Anayetoka Goma kwenda Sake, kisha Masisi au Walikale, lazima apite Mubambiro. Watu wengi wanaijua kwa sababu ya kambi ya jeshi tu. Sisi tuliozaliwa hapo tuliishi kwa barabara: papa alisukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, yenye magunia ya makaa, mama aliuza maharagi na lengalenga kando ya njia. Nilipomaliza sekondari na kusema nataka kusoma mawasiliano na maigizo mjini Goma, baba mdogo aliniuliza mbele ya wageni: "Maigizo? Utakula maigizo?"

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa madeni. Kwetu mwanafunzi halipi karo tu. Ananunua na silabusi, yale makaratasi ya mwalimu yaliyopigwa fotokopi, na asiyenunua huhesabiwa mvivu. Nyingi nilizinakili kwa mkono usiku, kutoka kwa mwenzangu niliyepanga naye chumba mtaa wa Ndosho. Masomo ya vitendo hayakuwa na silabusi. Huko nilikuwa sawa na mtoto wa tajiri.

Studio yetu ilikuwa chumba kidogo, trei za mayai zimebandikwa ukutani kuzuia mwangwi. Mwalimu aliwasha mshumaa mbele ya mdomo wa kila mmoja wetu na kutuamuru tuseme, "Papa amepanda pikipiki kupeleka pilipili." Mshumaa ukizimika, unarudia. Kwa igizo la redio, hatua za miguu zilitoka kwenye karai la changarawe ya lava, kitu ambacho Goma haijakikosa tangu volkano ya Nyiragongo imwage moto katikati ya mji mwaka 2002. Mvua ilikuwa mahindi makavu juu ya ungo.

Zoezi lililonikaa akilini zaidi halikuwa na kelele yoyote. Karatasi moja, safu tatu: nilichoona, nilichosikia, nimesikia kwa nani. Habari ambayo safu yake ya tatu ni tupu ilirudishwa kwa mwenyewe.

Februari 2024 mapigano yalifika kwenye vilima vya Sake. Nilikuwa nyumbani. Tulipokuwa tunafunga mizigo, kijana akapita na pikipiki akipaza sauti kwamba njia ya Goma imekatwa, na majirani wakaanza kugeukia Ziwa Kivu. Nikamshika mkono. Umeona mwenyewe? Hapana, kaambiwa. Na nani? Hakujua. Mama alinikemea: mizinga inalia, mimi ninahoji watu! Lakini magari yalikuwa bado yanakuja kutoka upande wa Goma, na yalitoka hukohuko kunakosemwa kumekatwa. Tukafuata barabara, bibi amekaa juu ya chukudu, papa anasukuma. Tulifika kambi ya wahamaji ya Bulengo na kulala chini ya turubai la watu tusiowajua. Mungu awabariki.

Mafunzo ya vitendo ya mwaka ule niliyafanyia kambini. Hatukuwa na jukwaa. Watu walifanya duara juu ya mawe meusi, watoto mbele. Tuliigiza mama aliyenyimwa jetoni, ile tiketi ya kupokelea mgao, kwa sababu jina lake halimo kwenye orodha. Mchezo unafika pabaya, unasimamishwa, mtazamaji anaulizwa angefanya nini, kisha anaingia mwenyewe kufanya. Namna hii ilianzishwa na Augusto Boal wa Brazil katika miaka ya 1970, na Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi inayofanana na hiyo vijijini Tanzania. Kwetu, shirika la Search for Common Ground lilitembeza maigizo shirikishi miaka mingi. Siku hiyo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliingia, akamsukuma kando mwigizaji wetu, akamwambia mwenye orodha: "Baba, soma kwa sauti. Sote tusikie majina." Duara zima likapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu, wanafunzi wa chuo kikuu, aliyekuwa amewaza hilo.

Tarehe 3 Mei mabomu yaliangukia kambi za upande wa Mugunga na Lac Vert. Watu walikufa mahemani. Mazoezi yalisimama, na sitasema mengi.

Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zikafungwa, na hata aliyekuwa na pesa ya karo hakuweza kuitoa. Februari wahamaji wakaamriwa kuvunja kambi. Wazazi wakarudi Mubambiro, mimi nikabaki mjini nikifua nguo za watu. Kazi yangu ya mwisho chuoni, igizo la redio kuhusu uvumi, niliirekodi kwa simu usiku, nimejifunika blanketi kichwani kwa sababu studio ilikuwa imefungwa. Jasho lilinitoka kama niko jikoni. Walioisikiliza waliipitisha, na mmoja aliuliza ni studio gani yenye sauti safi namna ile.

Sasa nasoma habari kwenye redio ya jamii, mshahara ukija unakuja nusu. Niseme neno moja kwa mashirika yanayochukua wanafunzi kuigiza kambini: msitulipe kwa fulana na chupa ya maji. Ile ni kazi. Andikeni mkataba, lipeni siku, na mkiondoka mtuachie kinasa sauti kimoja.